Baiskeli inakwenda macho yanakokwenda: jibu kwa mwalimu anayeachwa kwenye mteremko

SWALI

"Kocha, habari za kazi. Nina miaka 44, ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Sipi, wilaya ya Kapchorwa. Baiskeli ya milimani naiendesha mwaka wa tatu sasa. Kupanda sina shida, vijana ninaoendesha nao Jumamosi nawaacha. Shida ni kushuka. Tukianza kuteremka kuelekea Muyembe kwa njia za mguu za mashambani, wote wananipita na kunisubiri chini. Wananipigia kelele, 'Mwalimu, tazama mbali!' Nimejaribu. Nikitazama mbali nagonga mawe ambayo ningeyaona kama ningetazama chini. Nikitazama chini, jiwe ninalotaka kulikwepa ndilo ninaloligonga, kana kwamba baiskeli inalitafuta. Mwezi uliopita nilianguka hivyo, nikachubuka mkono na kuumia bega. Tena kuna mahali tunatoka juani na kuingia chini ya migomba na kahawa, na hapo kwa muda sioni kitu. Navaa miwani ya lenzi mbili, juu ya kuona mbali, chini ya kusomea. Je, hili ni woga, ni umri, ni macho, au ni baiskeli yangu isiyo na shokapu mbele? Kuna mtu ananiuzia shokapu kwa bei nzuri. Ninunue kwanza?"

JIBU

Pole sana kwa kuanguka, Mwalimu. Kama bega bado linauma unapoinua mkono juu ya kichwa, au unaamka usiku kwa maumivu ukililalia, nenda likaangaliwe kabla ya Jumamosi nyingine. Mengine yote ninayoandika hapa yanaweza kusubiri.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa muuzaji anangoja jibu: usinunue bado. Shokapu itapunguza mtikisiko mikononi, lakini unachokikosa wewe ni muda, na muda hauuzwi pamoja na shokapu. Woga wako nao usiuonee aibu. Mtu anayeligundua jiwe likiwa mita mbili tu mbele ya gurudumu ana kila sababu ya kuogopa, maana hana tena la kufanya. Sidhani kwamba vijana wako wanakushinda ujasiri. Wanaliona jiwe hilo hilo mapema kuliko wewe, basi wanakuwa wameshaamua la kufanya wakati wewe ndiyo kwanza unashtuka.

Ushauri waliokupa ni wa kweli, ila wamekupa nusu yake. Mtu akiambiwa "tazama mbali" huelewa kwamba akaze macho mahali fulani huko mbele na asahau kilicho karibu. Ukifanya hivyo utagonga mawe, kama ulivyogonga. Macho ya mwendeshaji mzuri hayakai mbali. Yanakwenda mbali, yanachagua njia, yanarudi katikati kuhakikisha, kisha yanakwenda mbali tena, bila kupumzika, mteremko mzima. Sehemu moja tu ndiyo inayoachwa, ile iliyo mbele kabisa ya tairi, kwa sababu hata ukiona kitu pale huna nafasi ya kukifanyia kazi.

Tupige hesabu uone. Kwenye njia ya mguu ya kawaida mtu hushuka kwa kilomita 20 kwa saa bila kujiona ana kasi kubwa. Hiyo ni karibu mita 5.6 kila sekunde. Jambo rahisi unalolitarajia, tangu macho yalione hadi mkono uanze kutii, huchukua kama robo sekunde. Lakini njiani mambo si rahisi. Ni kushoto au kulia, nishike breki au niachie, na kuchagua huko huchukua nusu sekunde, pengine sekunde nzima. Ndani ya muda huo umeshasafiri mita 3 hadi 5 na zaidi. Kwa hiyo jiwe uliloliona likiwa mita 2 mbele limeshafika chini ya gurudumu kabla hujaamua. Kinachobaki ni mshtuko. Mikono inakakamaa, vidole vinaibana breki ya mbele, gurudumu linafunga, na gurudumu lililofunga halikati kona wala halikwepi kitu. Linateleza moja kwa moja.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, na mimi naliona ndilo kubwa zaidi kwa mtu kama wewe. Kasi unayoihisi mwilini inatokana kwa sehemu kubwa na jinsi ardhi inavyopita machoni. Chukulia macho yako yako mita 1.5 juu ya ardhi, na kasi ni hiyo hiyo ya kilomita 20 kwa saa. Ardhi iliyo mita 2 mbele yako inapita machoni kwa takriban nyuzi 76 kila sekunde. Ardhi iliyo mita 12 mbele inapita kwa nyuzi 3 na kidogo tu. Tofauti ni zaidi ya mara 20, na baiskeli ni ile ile, mteremko ni ule ule. Jicho lina uwezo mzuri wa kufuatilia kitu kinachosogea taratibu, lakini kikivuka nyuzi 30 hivi kwa sekunde linaanza kuachwa nyuma na picha inageuka ukungu. Ndiyo maana ukitazama chini unajihisi unakimbia kupita kiasi, unashika breki, baiskeli inapoteza utulivu wake, unazidi kuogopa, unazidi kutazama chini. Ukiinua macho, mteremko huo huo unatulia. Hujapunguza kasi hata kidogo, ila picha sasa inakwenda kwa mwendo ambao ubongo unaweza kuufuata.

Jambo la tatu ni umbo la jicho lenyewe. Sehemu inayoona kwa ukali kabisa ni doa dogo sana katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Nyosha mkono mbele na utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo la ukubwa huo ndilo unaloliona vizuri kwa wakati mmoja. Kila kitu kingine unakiona kwa pembeni, kwa ukungu, lakini pembeni hapo pana uhodari wake: panagundua kinachosogea, na panajua njia imelala vipi hata bila wewe kupatazama. Basi gawa kazi. Ukali wa katikati upeleke mbele ukachague njia. Gurudumu liachie pembeni mwa jicho na kumbukumbu. Najua neno "kumbukumbu" linaweza kukutia mashaka, lakini wewe mwenyewe umelelewa kati ya watu wanaoitegemea kila siku. Mama anayetoka kisimani na jerikeni kichwani anashuka njia yenye mawe bila kutazama vidole vyake na hajikwai, kwa sababu kila anapokanyaga alipaona hatua kadhaa kabla hajafika.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watembeaji walivalishwa vifaa vya kufuatilia macho wakapitishwa kwenye ardhi laini na kwenye ardhi ya mawe. Walipofika kwenye mawe walipunguza mwendo na kutazama karibu zaidi, lakini walipopimwa kwa muda badala ya umbali, macho yao yaliendelea kutangulia miguu kwa kama sekunde moja na nusu. Mita zilipungua, sekunde zilibaki pale pale.

Hapo ndipo penye jibu la "mbali ni wapi". Acha kuhesabu mita, hesabu sekunde. Kwenye njia ya mguu yenye mawe na mizizi, macho yatangulie kwa sekunde 1.5 hadi 2. Kwa kilomita 15 kwa saa hiyo ni mita 6 hadi 8. Kwa kilomita 25 ni mita 10 hadi 14. Kwenye barabara pana ya vumbi unaweza kutanguliza sekunde 3 au zaidi. Na unapopanda juu ya mawe kwa mwendo wa kutembea, mita 2 zinatosha kabisa. Kwa hiyo vijana wakikupigia kelele "mbali!" wakati unajipenyeza polepole kati ya mawe makubwa, usiwasikilize. Hapo wao ndio wamekosea.

Sasa tuje kwenye jiwe linalokuvuta. Hakuna uchawi hapo, na wala si wewe peke yako, waendesha pikipiki wanalijua vilevile. Ukikaza macho kwenye kitu, kidevu kinakielekea, bega linafuata kidevu, mkono mmoja unausukuma usukani kidogo bila wewe kujua. Kwa umbali wa mita chache, kidogo hicho kinatosha kukufikisha kwenye jiwe. Dawa yake ni kuyapa macho kitu kingine cha kutazama. Jiwe lione mara moja, lijue lipo, kisha macho yahamie kwenye pengo lililo kando yake, na kabla hujalifikia pengo yawe yameshahamia kwenye kinachofuata. Hata maneno unayojiambia kichwani yana kazi. "Nisigonge jiwe" yanayarudisha macho kwenye jiwe. "Kushoto kwa jiwe" yanayapeleka kwenye pengo. Wewe ni mwalimu, unajua mtoto aliyeambiwa asimwage maji anavyoyatazama maji.

Na kama pengo hakuna? Basi chagua jiwe la kupanda. Gurudumu la inchi 29, au hata la 26, linavuka jiwe la ukubwa wa ngumi bila shida iwapo halijafungwa na breki. Pedali ziwe sawa, hakuna iliyo juu wala chini. Mikono iwe laini. Macho yatazame mahali gurudumu litakapotua baada ya jiwe. Wanaoanguka juu ya mawe madogo mara nyingi huangushwa na breki waliyoshika juu ya jiwe.

Jambo moja kuhusu kuendesha kwa kundi, kwa sababu nadhani linakuponza Jumamosi. Ukiwa nyuma ya mwenzako, macho hujigandisha kwenye tairi lake la nyuma. Hapo umempa yeye kazi ya kukuchagulia njia, na akikosea mnakosea wote. Tazama kupitia begani kwake, tazama kando yake, acha nafasi ya sekunde mbili tatu ili uione ardhi. Kama uliona mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya Paris za tarehe 29 Julai 2024, kwenye kilima cha Élancourt, utanielewa. Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha, akaachwa, akafukuza hadi akawafikia. Kwenye mzunguko wa mwisho walikuwa yeye na Mfaransa Victor Koretzky. Njia ikagawanyika kwenye mti: Koretzky akapita upande mmoja, Pidcock upande mwingine, wakakutana tena baada ya mti, na Pidcock akatoka mbele akashinda. Upenyo wa namna ile hauonekani kwa mtu anayetazama tairi la aliye mbele yake. (Medali ya shaba siku hiyo ilikwenda kwa Alan Hatherly wa Afrika Kusini, na nataka vijana wako walijue hilo.)

Kwenye kona mpangilio ni huo huo, ila shingo nayo inafanya kazi. Breki zimalizike kabla ya kona, wakati baiskeli bado imenyooka. Ukikaribia, tazama ukingo wa ndani wa kona, kisha mara tu unapoanza kupinda peleka macho na kidevu mahali unakotaka kutokea. Kitovu kifuate kidevu. Ukiona umetoka nje ya njia kila mara kwenye kona ile ile, simama ujiulize ulikuwa unatazama nini. Nina uhakika ulikuwa unatazama ukingo wa nje, yaani mahali ulipoogopa kuangukia.

Haya yote hayawezekani kama mwili umekaa vibaya. Mtu aliyeketi kwenye kiti kirefu akiwa amepinda mgongo hawezi kuinua macho bila kujivunja shingo. Kabla ya mteremko legeza kiti ukishushe sentimita kadhaa, hata kama wenzako wanakusubiri. Simama juu ya pedali, kunja nyonga kana kwamba unarudisha makalio nyuma, magoti na viwiko vilegee, viwiko vielekee nje. Ukisimama hivyo, kidevu kinainuka chenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kinapoinama huyavuta mabega na uzito wote kwenda mikononi, yaani juu ya gurudumu la mbele, mahali ambapo kwenye mteremko hutaki uzito uzidi.

Kuhusu kuingia kivulini, hilo usilichukulie kama udhaifu wako. Mboni ya jicho husinyaa haraka sana ukiingia kwenye mwanga, lakini ukiingia gizani hupanuka polepole zaidi, na retina yenyewe huchukua dakika nyingi kuzoea giza kikamilifu. Jua la mchana wetu huku karibu na ikweta ni kali mno, na chini ya migomba iliyosongamana na kahawa ni giza lenye madoa ya mwanga. Ndivyo ilivyo kwenye msitu wa Mabira pia, ukitoka barabara ya vumbi na kuingia ndani. Ukiingia na kilomita 20 kwa saa na macho hayaoni kwa sekunde mbili, umesafiri mita 11 kama kipofu. Fanya hivi: punguza kasi ukiwa bado juani, ukiona vizuri. Kabla hujaingia, tuma macho ndani ya kivuli na yakae huko, yatafute mahali njia inapoendelea, mara nyingi kuna mwanga upande wa pili. Helmeti yenye ukingo mbele inasaidia kuzuia jua la juu. Na miwani myeusi iache nyumbani siku za njia zenye miti. Nawaona vijana wengi wakiivaa kwa ajili ya picha, na inawaibia nusu ya macho yao pale wanapoyahitaji zaidi.

Mazoezi sasa. Usianzie kwenye mteremko wa Sipi. Anzia kwenye uwanja wa mpira wa shule jioni watoto wakishaondoka. Panga chupa za maji katika mstari, hatua nne nne kati ya chupa na chupa, uzipite kwa kupindapinda. Sheria ni moja: unapoipita ya kwanza, macho yawe kwenye ya tatu. Siku ya kwanza utazikanyaga, na hilo ni sawa. Baada ya siku chache utaanza kuhisi gurudumu la nyuma lilipo bila kulitazama. Kisha chora mstari mwembamba wa majivu au chokaa, mita 15 hivi, uufuate polepole mara moja ukitazama tairi, mara moja ukitazama mwisho wa mstari. Utapepesuka kwenye ile ya kwanza na kunyooka kwenye ya pili, na mwili wako utaamini kitu ambacho maneno yangu peke yake hayawezi kuuaminisha.

Baada ya hapo chagua kipande kimoja cha njia, mita 200 hivi, unachokijua. Kitembee kwa miguu kwanza kutoka chini kwenda juu, ukigeuka kila baada ya hatua chache kuona jinsi kinavyoonekana kutoka juu. Ukishuka, taja kwa sauti unachokiona: "mzizi, kushoto, jiwe, kulia, mtaro, achia." Kusema kwa sauti kunakubana, maana huwezi kutaja kitu ambacho hujakitazama, na ukijikuta unataja kitu kikiwa tayari chini ya tairi utajua macho yamerudi karibu. Mpe mwenzako simu asimame chini achukue video ukija. Usitazame baiskeli kwenye video hiyo, tazama kidevu chako. Robo saa mara tatu kwa wiki inatosha, na fanya mwanzoni ukiwa na nguvu, kwa sababu mtu akichoka macho hushuka yenyewe. Tarajia kwamba wiki za kwanza utakuwa mzito zaidi kuliko zamani. Ndivyo inavyokuwa mtu anapobadilisha mazoea, na haidumu.

Nikuambie ukweli pia kuhusu mipaka ya jambo hili. Macho hayatasaidia kama breki hazishiki. Kabla ya kufikiria shokapu, badilisha raba za breki zilizokwisha, nyoosha rimu, hakikisha unaweza kuisimamisha baiskeli kwa kidole kimoja au viwili kwenye breki. Halafu pima upepo wa matairi. Watu wengi hujaza tairi la milimani hadi liwe gumu kwa kuogopa pancha, na tairi gumu hurukaruka juu ya kila kokoto. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, psi 25 hadi 30 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu) ni mahali pazuri pa kuanzia, ukiongeza kidogo ikiwa unagonga rimu kwenye mawe. Hayo yote ni gharama ndogo. Ukishayafanya, ukafanya mazoezi kwa miezi miwili mitatu, na mikono bado inakufa ganzi chini ya mteremko, basi shokapu ina maana, na utaifurahia. Umri wa miaka 44 hauna shida yoyote hapa. Uamuzi wa njia unakua na uzoefu, na mtu anayepanda kama wewe ana mapafu ya kutosha.

Njia zetu si za mashindano, hilo usilisahau hata siku moja. Ni njia za watu kwenda shambani, shuleni na sokoni, na mbuzi wamefungwa kando. Kipimo changu ni hiki: usiende kwa kasi inayokuzuia kusimama ndani ya umbali unaouona. Kwenye udongo mkavu uliolegea, ukichukua sekunde moja ya kuamua pamoja na breki za wastani, kilomita 20 kwa saa zinahitaji kama mita 10 kusimama, na kilomita 30 zinahitaji kama mita 18. Kona ikikuonyesha mita 8 tu, hiyo ndiyo kona inayokuamulia kasi, hata kama macho yako ni ya bingwa. Mvua ikinyesha, udongo wa mlima Elgon unateleza mno. Hapo hesabu hizo hazifai tena, na mara nyingine la busara ni kushuka na kuisukuma.

Nimebakiza miwani makusudi, kwa sababu nadhani inachangia zaidi ya unavyodhani. Lenzi ya chini ya miwani yako imetengenezwa kwa ajili ya daftari lililo kama sentimita 40 kutoka usoni. Ukitupa jicho kwenye ardhi karibu na gurudumu, unatazama kupitia lenzi hiyo, na ardhi inakuwa ukungu, tena inaruka pale macho yanapovuka mstari wa kati. Na ukiinua kidevu kupita kiasi kwa kujilazimisha kutazama mbele, unaweza kujikuta unatazama njia nzima kupitia lenzi ya kusomea. Kwa hiyo pande zote mbili umekuwa ukipigana na miwani. Nenda kitengo cha macho kwenye hospitali ya rufaa, Mbale ndiyo karibu nawe, upimwe upya kabisa, na uulizie miwani ya pili yenye nguvu ya mbali peke yake, ya kuendeshea, lenzi ziwe za plastiki ngumu na si za kioo. Kama hujapimwa kwa miaka miwili, nenda hata kama unaona vizuri, na waombe wapime kila jicho peke yake pamoja na upana wa unachokiona pembeni. Magonjwa mengine ya macho huanza kula pembeni kimyakimya, na pembeni ndipo ninapokuomba uliachie gurudumu.

Kuna mambo yasiyongoja miadi. Ukiona vimulimuli vya ghafla, madoa meusi mengi yanayoelea, au kama pazia linashuka upande mmoja wa jicho, nenda siku hiyo hiyo. Na je, ulipoanguka mwezi uliopita uligonga kichwa? Ikiwa uligonga, na tangu hapo unaumwa kichwa, unaona vitu viwili viwili, unapata kizunguzungu unapogeuza kichwa haraka, au mwanga unakuudhi kuliko zamani, usipande baiskeli wala usianze mazoezi ya macho niliyokueleza hadi daktari akuone, na helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena. Ukifika kwa mpimaji wa macho, usimwambie tu kwamba unataka kuona mbali. Mwambie unaendesha baiskeli mteremkoni na unahitaji ardhi iliyo kati ya mita 6 na 15 iwe safi kabisa, kidevu kikiwa kimeinuka kidogo, na umwonyeshe namna unavyokaa.